Legeza Kamba

Saa kumi na mbili na nusu, Loresho bado ina usingizi,
lango limefunguka nusu, na Meja keshanitangulia kwa pua,
kilo arobaini za mbwa wa mwajiri
mwishoni mwa kamba ninayoilipia kwa viganja.

Muthengi ndiye aliyenifunza, kabla hajarudi Mwingi,
yeye aliyeshika mbwa wa kampuni ya ulinzi miaka kumi na tisa
akastaafu na vidole vinane.
"Viwili hivi," alisema, "niliviacha
siku niliyosoma mkia peke yake.
Mkia ni neno moja tu, Kageha.
Nani husoma barua kwa kutazama stempu?"

Basi leo, pale lami inapokatika
na njia ya vumbi kuteremka kuelekea Kangemi,
karibu na kreti za mkate, duka halijafunguliwa,
amesimama mmoja wa rangi ya chai ya maziwa,
sikio la kushoto limechanika, hana kola, hana kamba.

Meja anaganda.
Si kusimama huku; kusimama kuna pumzi ndani yake.
Mdomo uliokuwa wazi umefungwa.
Uzito umehamia miguu ya mbele.
Mkia uko juu, wima, unatikisika nchani,
haraka haraka, kama sindano ya cherehani,
na toka shingoni hadi kiunoni
manyoya yameinuka mstari mmoja,
kana kwamba mtu kayapitishia kidole kinyume.

Mpita njia angesema: tazama, anafurahi.

Na yule wa chai? Namsoma naye, herufi ndogo ndogo:
amejilamba pua, na hakuna chakula.
Amepiga mwayo, na si wa usingizi.
Amegeuza kichwa, anautazama ukuta
kana kwamba ukuta una habari.
Anasema, kwa adabu zote alizofunzwa na jalala:
ugomvi sitaki, lakini njia hii naijua.

Hapo ndipo nilipouona mkono wangu.
Nimeizungusha kamba mara tatu, ngumi imekakamaa.
"Hofu yako hushuka kwenye kamba
kama stima kwenye waya.
Ukikaza, umemwambia kuna vita."

Nikalegeza. Duara moja. La pili.
Haukuwa ushujaa, magoti yalikuwa yakitetemeka.
Tukakata upinde kando ya mtaro,
tusimwendee uso kwa uso;
mbwa mwenye heshima haendi kwa mstari.

Meja akapumua.
Wakakutana ubavuni, pua kwa mkia,
sekunde moja, mbili, tatu
(ya nne usiisubiri, alisema Muthengi),
nikamwita kwa sauti ya jikoni, akaja,
akajikung'uta mwili mzima, masikio yakapiga makofi,
kama aliyetoka mtoni,
na mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa.

Ndipo nikamwona mtoto.
Nyuma ya kreti, miaka kumi na miwili hivi, sweta ya shule,
jiwe mkononi.
Bega limekaza. Hapepesi. Mdomo umefungwa.
Hakuwa akimtazama Meja. Alinitazama mimi,
sare yangu ya buluu, na hii kamba ya ngozi
inayoshinda bei ya viatu vyetu sote wawili.

Nikafanya lile nililolijua:
nikageuza ubavu.
"Mbwa wako anaitwaje?" nikauuliza ukuta.

Kimya. Kisha: "Shilingi."

Jiwe hakulitupa. Alilitia mfukoni,
kaptura ikaning'inia upande mmoja
alipogeuka kushuka, Shilingi mbele yake,
mkia usawa wa mgongo, hauna kubwa la kusema.

Langoni mwajiri, kikombe mkononi,
aliniuliza kama Meja amepata rafiki.

Nikapiga mwayo.
Haukuwa wa usingizi.